Chungu Kisichohimizwa

Mama mmoja wa Lagangabilili, wilayani Itilima, aliletewa na mwanawe chungu cha umeme kipikacho polepole. Zawadi ya mtoto haikataliwi, lakini chungu hicho kina faida gani katika nyumba ilayo ugali? Ugali hausubiri, hutaka moto mkali na mkono wenye nguvu.

Maharage ni habari nyingine. Hayo hula kuni, nazo kuni katika mbuga za Simiyu ni adimu. Wasemao kuwa ni za bure bila shaka hawajazibeba. Chungu cha wati 200 hakimalizi yuniti mbili za umeme kwa saa 8, na mpishi wakati huo yu shambani. Ila maharage, hasa mekundu, yana sumu isiyovunjwa na joto dogo. Sharti kwanza yalowekwe, maji yake yamwagwe, kisha yachemke sana motoni kwa dakika zisizopungua 10.

Basi mama akawaza: ikiwa moto hauepukiki, umeme ni wa nini? Akashona mito ya pamba, zao la nchi yake, akaipanga kapuni, akafukia humo sufuria iliyokwisha chemka nusu saa. Jioni maharage yalikuwa yameiva. Sanduku la namna hiyo, kutoka Norwei, lilionyeshwa mjini Paris mwaka 1867.

Chungu cha umeme hakikutupwa. Hutolewa kabatini siku ya makongoro, ambayo kapu haliyawezi.