Harambee ya Mgongo

Leo hakuna video. Leo ni kusoma tu, na kama uko kwa matatu, angalia kwanza nani ameketi kando yako.

Agosti 2023, watu wengi wa Gakoromone walinichangia niende Nairobi kufanyiwa operesheni ya mgongo. Akina mama wa viazi, vijana wa mkokoteni, wauza mitumba, wasee wa steji yetu ya boda. Kuna shosh mmoja aliyetoa shilingi 50 mkononi mwa mathe na kusema, "Mungu amnyooshe mgongo." Grupu ya WhatsApp iliitwa Okoa Mgongo. Mpaka leo kuna watu sokoni wananiita Mgongo, na mimi huitika.

Wasee, mgongo wangu haujawahi kuuma.

Wacha nianze pale ilipoanzia. Mwaka wa 2021 nilikuwa na miaka 23, naendesha boda. Jioni moja kwenye barabara ya Nkubu gari likatoka laini yake likanijia. Nilivunjika nyonga, na mfupa ulipovunjika ukakata mrija wa mkojo. Kwa miezi kadhaa nilikojoa kupitia mpira uliotobolewa chini ya kitovu. Hiyo sehemu kila mtu aliijua na hakuna aliyecheka. Watu walikuja na ndizi, na uji, na maombi. Mrija ukarekebishwa, nikatupa magongo, nikarudi sokoni. "Umepona," watu wakasema. Nikasema eeh.

Sikuwa nimepona. Sitazunguka: uume wangu haukusimama tena. Asubuhi hakuna, usiku hakuna. Mwanzoni nilijiambia ni stress. Halafu nikanunua unga fulani kwa msee anayeuza mitishamba na kipaza sauti. Ulinipa kuhara, basi.

Daktari wa mambo ya mkojo ndiye alinieleza, polepole, kama fundi anayekuonyesha injini. Kuvunjika nyonga kunaweza kuharibu mishipa ya damu na ya fahamu inayopita hapo chini, hata kama wewe ni kijana. Si uchawi. Si laana. Si ati ulimaliza nguvu zako mapema. Akasema tungoje, kwa sababu wakati mwingine mishipa huamka yenyewe ndani ya mwaka mmoja au miwili. Tukangoja. Tukajaribu vidonge. Tukajaribu sindano inayodungwa palepale, na ndiyo, iko vile unavyofikiria. Haikushika. Mwishowe akataja neno ambalo sikuwa nimewahi kulisikia likihusu sehemu hiyo: kipandikizi.

Kuna aina mbili kubwa. Ya kwanza ni vijiti viwili vinavyopindika, vinawekwa ndani ya uume. Unavikunja chini ukivaa suruali, unaviinua ukihitaji. Ya pili hujazwa maji kwa pampu ndogo inayofichwa ndani ya mfuko wa korodani. Hiyo ya pampu ilitangazwa mwaka wa 1973 na Brantley Scott wa Houston, Marekani, na wenzake. Miaka 50, maze. Kitu kiko duniani kuliko umri wa mathe, na mimi nilikuwa nalala nikidhani niko peke yangu. Daktari hakunificha lingine: ukishawekewa, hakuna kurudi ulivyokuwa, kwa sababu nyama ya ndani inatoa nafasi kwa kile kifaa. Ndiyo maana huwa ni njia ya mwisho.

Nikachagua vijiti kwa sababu ya bei. Na bado bei yenyewe ilikuwa pikipiki mpya kadhaa.

Sasa hiyo pesa utaiomba ukisema nini? Hebu jaribu kuandika hiyo posta. Kamati ilikaa kwa kibanda cha chai, mwenyekiti akauliza, "Ni operesheni ya nini hasa?" Mdomo wangu ukasema mgongo kabla kichwa hakijafikiria. Mtu wa kuandika akaandika. Imeisha hivyo.

Operesheni yenyewe sikuisikia. Nilisikia kuamka. Ilikuwa kama nimepigwa teke na punda, na punda bado amesimama hapo. Kesho yake mpira wa mkojo ukatolewa, na mkojo wa kwanza ulichoma mpaka nikashika ukuta. Uvimbe ukaja. Korodani zikawa rangi ya biringanya. Hakuna aliyekuwa amenionya kuhusu rangi, na nilipoiona nilijua nimekufa. Nesi akacheka kidogo akasema, "Hiyo ni damu ya chini ya ngozi, itaisha." Ikaisha, baada ya wiki mbili hivi.

Nesi huyo alinifundisha kitu naomba ukishike. Dawa ya maumivu unakunywa kwa saa uliyoandikiwa. Hungoji uchungu ufike ndio uanze kuukimbiza. Mimi nilikuwa naruka dozi ili nijione mwanaume, halafu saa nane usiku nalia kwenye mto. Barafu unaifunga kwa kitambaa, haigusi ngozi. Chupi inayobana vizuri ili kila kitu kikae juu. Hakuna kubeba kitu kizito, hakuna kupanda pikipiki, na mambo mengine yote unangoja mpaka daktari aseme. Mimi niliambiwa wiki sita.

Nilirudi Meru kwa matatu nikiwa nimekalia mto. Kama unaijua barabara ya Embu unajua nasema nini. Kona za Thuci na Nithi nilizihesabu kwa meno.

Nyumbani nikavaa leso ya mathe kwa sababu suruali haingewezekana. Na hapo ndipo uongo wangu ukaanza kunidai. Watu walikuja kuona mgongo. Kila mtu na ushauri wa mgongo. Usilale godoro laini. Kunywa supu ya mifupa. Siku ya saba jirani yetu, mama mmoja mwenye roho safi kuliko zetu zote, akaja na chupa ya dawa ya kuchua.

"Lala kifudifudi, kijana yangu, nikukande."

Ningesema nini? Kwamba daktari amekataa? Nilisema hivyo. Akasema atakanda mbali na kidonda. Mathe akasema, "Mwachie, anajua hiyo kazi." Wanawake wawili wakanigeuza. Nikalala juu ya operesheni ya siku saba, uzito wangu wote, na mama wa watu akaanza kunikanda mgongo mzima usio na shida yoyote. Nilipiga nduru. Akamwangalia mathe kwa huruma: "Unaona? Mgongo bado."

Usiku huo sikulala. Nilikuwa nafikiria Desemba ile baada ya KCPE, nilipotahiriwa. Hapa kwetu unafundishwa usikunje uso. Hiyo ndiyo sehemu tunayopenda kusimulia, ati kisu kilipita na sikupepesa jicho. Lakini nilikumbuka upande mwingine ambao hatuusimulii. Baada ya kisu, nilitunzwa kama yai. Kulikuwa na nyumba yangu, moto, nyama, uji. Kulikuwa na mlezi wangu, kijana aliyenizidi miaka sita, aliyekuwa anaangalia kidonda kila asubuhi bila aibu na kusema leo kiko sawa, leo osha tena. Sehemu ya mwili ni hiyohiyo. Kidonda cha kwanza kijiji kizima kilikijua na kukiimbia. Cha pili nilikuwa nimekificha chini ya leso, naombewa mgongo.

Na aibu huwa haiishii kwa kuona haya tu. Afrika Kusini, mwezi wa Desemba 2014, madaktari wa hospitali ya Tygerberg, Cape Town, wakiongozwa na André van der Merwe, walimpandikizia kijana wa miaka 21 uume wa mtu aliyefariki. Wake ulikuwa umekatwa miaka mitatu mbele, baada ya tohara kuharibika. Kila nikimfikiria huwa siwazi sana ile operesheni. Huwa nawaza ile miaka mitatu. Alikuwa anamwambia nani?

Siku ya tisa kidonda kikawa chekundu na moto. Nikahisi baridi mchana wa jua. Niliambiwa Nairobi wazi kabisa: homa, usaha, wekundu unaosambaa, rudi haraka, kwa sababu maambukizi yakifika kwenye kifaa chenyewe kinaweza kulazimika kutolewa. Nilijua. Na bado nilikaa nacho kutoka asubuhi mpaka jioni, kwa sababu kwenda hospitali ilimaanisha mtu anisindikize, na mtu akinisindikiza atasikia.

Nikachukua simu nikampigia yule mlezi wangu. Siku hizi ana karakana ya pikipiki, ana watoto wawili, tulikuwa hatujaongea vizuri karibu mwaka.

Nikamwambia, "Bro, si mgongo."

Akanyamaza kidogo. "Nakuja."

Alifika na mafuta ya injini bado mikononi. Akanawa, akafunga mlango, akasema lile neno alilokuwa anasema kila asubuhi nikiwa na miaka 14: "Onyesha." Nikaonyesha. Hakucheka. Hakuuliza ilikuaje. Akaangalia kama anaangalia plagi, akasema, "Hii lazima daktari aione leo." Akaazima probox, si pikipiki, akaendesha kama amebeba mayai.

Ilikuwa maambukizi ya ngozi tu, hayajashuka ndani. Sindano, vidonge, kusafishwa kila siku. Daktari akasema tumewahi. Kwa wiki tatu zilizofuata huyo msee alipita jioni kila siku kabla ya kufika kwake. Uchungu haukupungua kwa sababu alikuja, tusidanganyane. Lakini nilikuwa na mtu wa kumwambia "leo imeuma" bila kutaja mgongo, na hiyo pekee ilinifanya nianze kunywa dawa kwa saa zake.

Sasa ni miaka miwili. Kifaa kiko, kidonda ni mstari mdogo, naendesha boda, nacheza mpira vibaya kama zamani. Mambo ya chumbani ni yangu, hiyo sitaposti.

Naandika kwa sababu mbili. Ya kwanza ni wewe kijana ambaye kitu kimekataa huko chini na umeshanunua unga wa kipaza sauti mara tatu. Sikwambii utangaze kama mimi. Nakwambia tafuta daktari, na tafuta mtu mmoja. Mmoja tu, wa kumwambia "onyesha" na "naonyesha."

Ya pili ni nyinyi mlionichangia. Pesa yenu haikuenda kwa mgongo. Ilienda pale nimeeleza. Niliwadanganya, na nyinyi mlikuwa mnanipenda. Samahani. Ukiona unataka pesa yako, nitafute pale steji, nitakulipa pole pole.

Jana usiku nilimwambia mathe kwanza, asije akasikia sokoni. Niliongea nikiangalia jiko. Alikuwa anachambua maharagwe, akaacha. Nyumba ikanyamaza mpaka nikasikia sufuria.

"Kwa hivyo ile siku ya kukandwa..."

"Eeh, mama."

"Na vile ulipiga nduru..."

"Eeh."

Akafunika uso kwa leso. Nilidhani analia, na nafikiri mwanzo alikuwa analia kweli. Halafu mabega yakaanza kutingika.

"Na mgongo?" akauliza.

"Mzima kabisa, mama."

"Basi kesho uamke saa kumi na moja," akasema, akirudia maharagwe yake. "Kuna magunia ya viazi yanatoka Kibirichia."