Kabla ya kununua spika, itazame mgongoni

Ukiingia dukani kutafuta spika za sebuleni, muuzaji atakuimbia habari za wati. Hii ni wati 200, ile wati 500. Mwache amalize, kisha ligeuze sanduku. Je, lina tundu au limezibwa kote? Uliza hilo mapema, kwa maana wengi wetu hununua chombo hiki mara moja katika miaka kumi, tena kwa pesa za chama.

Spika inapolia, karatasi yake ya mviringo huisukuma hewa ya mbele na papo hapo kuivuta ya nyuma. Sauti hizo mbili ni kinyume, na zikikutana, besi hufa. Ndiyo sababu spika hutiwa sandukuni. Lakini ile sauti ya nyuma ifanywe nini?

Kuna wanaosema ifungiwe humo humo. Mwaka wa 1954 Mmarekani Edgar Villchur alitoa spika iliyoitwa AR-1, sanduku dogo lililozibwa, ambamo hewa yenyewe ilifanya kazi ya springi na kuirudisha karatasi mahali pake. Waliozoea spika kubwa kama kabati hawakuamini masikio yao.

Wengine husema kuifungia ni hasara. Chukua chupa tupu ya soda, upulize mdomoni mwake. Itatoa sauti moja nzito, sivyo? Sanduku lenye tundu ni chupa hiyo hiyo. A. L. Thuras wa Bell Laboratories alipewa hati ya uvumbuzi huu mwaka wa 1932, lakini mafundi walikuwa wakibahatisha vipimo hadi Neville Thiele wa Australia alipochapisha hesabu zake mwaka wa 1961.

Faida ya tundu si ndogo. Kwa sanduku la kadiri ile ile na amplifaya ile ile, utapata besi nzito zaidi. Ndiyo maana wufa nyingi za bei nafuu zina tundu. Lakini chini ya ile sauti ya chupa, besi huporomoka mara mbili ya kasi ya sanduku lililozibwa, desibeli 24 kwa kila oktava badala ya 12. Tena huko chini karatasi haina hewa ya kuizuia. Ukifungua besi hadi mwisho, itarukaruka hadi ichanike.

Sasa tazama tunakoishi. Chumba cha futi kumi kwa kumi, kuta za mawe, sakafu ya saruji, na spika imesukumwa kwenye kona ili kochi lipate nafasi. Kona huongeza besi, na tundu nalo linaongeza yake. Weka benga la D. O. Misiani na Shirati Jazz. Gitaa la besi katika benga hukimbia, kila noti ikisimama peke yake. Katika chumba hicho utasikia "wuuu" moja tu, na jirani wa ukuta wa pili ataisikia hata zaidi yako.

Kwa chumba kama hicho mimi ningechagua lililozibwa, ingawa linadai amplifaya yenye nguvu na halitatosha siku ya sherehe uani. Mwenye sebule pana na nafasi ya kuzitenga spika na ukuta, achukue la tundu bila wasiwasi.

Na kama la tundu umeshalinunua? Livute mbele, futi moja au mbili. Lisipotosha, tia soksi safi tunduni na usikilize tena. Halitageuka lililozibwa kamili, lakini ule mngurumo utapungua.

Dukani nenda na wimbo wako unaoujua vizuri. Sauti iwe ya kadiri, kisha jaribu kuimba pamoja na gitaa la besi. Likikupotea katikati ya ubeti, mwambie muuzaji akuwekee nyingine.