Gari Likiteleza kwa Makusudi, Je, Ni Mchezo?

Beni, Kivu ya Kaskazini. Jumapili jioni taarifa ya habari ilikuwa imekwisha na muziki umeanza, lakini wanachama wa kilabu cha wasikilizaji katika mtaa mmoja wa mji wa Beni hawakuondoka. Kwa kawaida kila mtu hubeba kiti chake cha plastiki na kurudi nyumbani kabla ya giza kuingia. Siku hiyo walibaki wameizunguka simu ya kijana mmoja anayejifunza ufundi katika garaje ya jirani.

Kijana huyo ana miaka 19. Yeye, mama yake na wadogo zake walihama kutoka upande wa Eringeti na sasa wanaishi kwa familia iliyowapokea. Katika simu yake kulikuwa na video ya gari dogo likiingia kwenye kona kwa kasi, ubavu mbele, moshi mweupe ukitoka kwenye magurudumu ya nyuma. Badala ya kupinduka, lilipita kona yote likiteleza, kisha likajinyoosha na kuendelea. Wadogo wake walipiga makofi. Kijana akasema, "Huu ni mchezo mkubwa duniani. Unaitwa drifti."

Mzee mmoja aliyekuwa amekaa pembeni, redio magotini, akacheka bila furaha. Huyo ni dereva wa zamani. Kwa miaka mingi aliendesha lori kwenye barabara ya taifa namba 4, kutoka Kasindi mpakani hadi Beni, Komanda, Mambasa na mbele hadi Kisangani. "Mchezo?" aliuliza. "Mchezo gani ambao hakuna anayefika wa kwanza?"

Hapo mabishano yakaanza, na yaliendelea hadi mwenye nyumba akawasha taa.

Hoja ya mzee ilikuwa nyepesi kueleweka. Mbio za magari ni mbio. Kuna mahali pa kuanzia, kuna mahali pa kumalizia, na saa haidanganyi. Hata mbio za Safari Rally za nchini Kenya, ambazo wengi hapa wamezisikia redioni, ni hesabu ya dakika na sekunde: anayetumia muda mfupi ndiye mshindi. Lakini katika drifti wanakaa watu watatu juu ya jukwaa na kusema, "Huyu kanipendeza zaidi." Kwa mzee, hayo ni mashindano ya urembo. Akaleta na mfano wa nyumbani. "Mwaka 1974, pale Kinshasa, Ali alimwangusha Foreman katika raundi ya nane. Nani aliuliza majaji wanaonaje?"

Mwalimu mmoja wa shule ya msingi, mama ambaye naye alihama kwao, alimjibu kwa heshima. "Baba, usiku ule majaji walikuwepo, wameketi kando ya ulingo, wanaandika alama za kila raundi. Kama Foreman asingeanguka, mshindi angetoka kwenye karatasi zao." Akakumbusha kwamba ngumi nyingi huamuliwa hivyo, na kwamba katika Michezo ya Olimpiki wapo wanaoruka sarakasi na wanaopiga mbizi, wote wakisubiri alama za majaji. Hakuna anayesema hao si wanamichezo.

Mzee akanyamaza kidogo. Kisha akasema jambo ambalo halikujibika haraka: "Sawa. Lakini mwambieni huyu mtoto jambo hili limetoka wapi."

Drifti imetoka Japani, na haikuzaliwa uwanjani peke yake. Katika miaka ya 1970 kulikuwa na dereva anayeitwa Kunimitsu Takahashi. Kabla ya magari alishindana kwa pikipiki, na mwaka 1961 alikuwa Mjapani wa kwanza kushinda mbio za pikipiki za Grand Prix. Alipohamia kwenye magari, alijulikana kwa kuingia kwenye kona gari likiteleza na kutoka nje ya kona likiwa bado na kasi. Yeye alifanya hivyo ili ashinde mbio. Vijana waliomtazama walipenda ule mtelezo wenyewe. Wakaenda nao usiku kwenye barabara za milimani, zenye kona nyingi, bila kibali cha mtu. Mmoja wao alikuwa Keiichi Tsuchiya, ambaye baadaye aliitwa Mfalme wa Drifti.

Barabara hizo zilikuwa za watu wote. Mkulima angeweza kutokea upande wa pili wa kona akirudi nyumbani. Kwa hiyo mzee hakukosea: asili ya jambo hili ni vijana kucheza mahali ambapo wengine hawakukubali kucheza nao.

Lakini halikubaki hapo. Mwaka 2000 Tsuchiya na wenzake walianzisha mashindano ya kweli kwenye viwanja vilivyofungwa, yaliyokuja kujulikana kama D1 Grand Prix. Marekani nao wakaanzisha yao, Formula Drift, ambayo msimu wake wa kwanza ulikuwa mwaka 2004. Mwaka 2017 Shirikisho la Kimataifa la Magari, FIA, lile lile linalosimamia Formula 1, liliandaa kombe lake la drifti mjini Tokyo. Mshindi alikuwa Mjapani, Masato Kawabata.

Kijana alikuwa anajua habari hizo kwa vipande. Alichokijua vizuri zaidi ni namna wanavyoshindana, na alikieleza kwa mikono kama fundi anavyoeleza giaboksi. Kwanza kila dereva hupita peke yake. Majaji wanatazama kama amefuata njia iliyopangwa, gari limelala kwa pembe gani, na limeongozwa kwa ustadi gani. Wanaofaulu wanapangwa wawili wawili. Wa mbele anapita vizuri kadiri awezavyo, na wa nyuma anamfuata karibu sana, akiteleza pamoja naye kama kivuli chake, bila kumgonga. Kisha wanabadilishana: aliyekuwa mbele anafuata, aliyefuata anaongoza. Majaji wakishindwa kuwatenganisha, wote wawili wanarudia.

"Kwa hiyo wanashindana," mwalimu akasema.

"Wanashindana, mwalimu. Na gari lazima lisukumwe na magurudumu ya nyuma. Dereva anavuta breki ya mkono au anapiga klachi ili nyuma iachie, halafu anaushika mtelezo kwa usukani na mafuta. Mengi ni magari ya kawaida yaliyotengenezwa upya. Hata Toyota Mark II wanaitumia."

Jina hilo liliwafanya vijana wengine wasogee. Magari yaliyotumika Japani yanajulikana sana mashariki mwa Congo, yakiwa na usukani upande wa kulia ingawa nchi nzima inaendesha kulia. Mafundi wa Beni wanayajua hadi mifupa. Kwa kijana wa garaje, kuona gari la aina anayoijua likishangiliwa ng'ambo si jambo dogo. Amepoteza nyumba na shamba la baba yake. Mikono yake ndiyo shamba alilobaki nalo.

Mzee aliomba kuiona tena ile video. Aliishika simu mbali kidogo na macho. Safari hii hakutazama moshi; alitazama mikono ya dereva, ilipoonyeshwa kutoka ndani ya gari. Mkia wa gari ulipokimbia kushoto, dereva aligeuza usukani kushoto haraka, kisha akaurudisha polepole.

"Anaufuata mkia," mzee akasema. Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Hivyo ndivyo tulivyofanya kwenye matope. Mkia ukienda kushoto, usukani unaufuata kushoto. Ukiogopa ukakanyaga breki, umekwisha."

Wanaoijua barabara ya msitu wa Ituri wakati wa mvua walimwelewa. Kuna mahali lori hukaa siku kadhaa kwenye matope, na mahali pengine hupita likiteleza kutoka ukingo hadi ukingo. Huko hakuna anayepiga makofi. Mzee akasimulia kwamba siku moja, kwenye mteremko baada ya Mambasa, aliufuata mkia kama alivyozoea, lakini barabara ikaisha kabla lori halijanyooka. Yeye alitoka na mkono uliovunjika. Msaidizi wake, kijana aliyekuwa amesimama nyuma juu ya mzigo, hakutoka.

"Alikuwa na umri wako," akamwambia yule fundi. "Ndiyo maana neno mchezo linanichoma. Mimi sikukataa kwamba mtu huyu anajua kuendesha. Anajua. Lakini yule wangu hakuingia mashindano yoyote."

Kimya kilichofuata kilivunjwa na mama wa kijana. Anauza mandazi kando ya barabara, na alikuwa amesikiliza muda wote bila kusema neno. Alisema kwamba si lazima kwenda Japani kutafuta jambo hilo. Wiki chache zilizopita ulipita msafara wa mazishi ya motari mmoja. Wenzake walimsindikiza kama ilivyo desturi yao, honi juu, wengine wakiinua gurudumu la mbele, wengine wakisimama juu ya kiti. Mmoja aliponyokwa na pikipiki mbele ya meza yake. Beseni la mandazi lilikwenda mtaroni, na binti yake mdogo aliokoka kwa sababu aliruka. "Waliniambia ni heshima kwa marehemu," mama akasema. "Mimi nilikuwa karibu kuwa na marehemu wangu."

Kijana wake aliinamisha kichwa. Kisha, polepole, akafungua video nyingine. Hii ilikuwa ya Afrika Kusini.

Huko Soweto kuna mchezo unaokaribiana na drifti, ingawa si ule ule. Dereva hazipiti kona. Analizungusha gari mahali pamoja, na mara nyingine anatoka dirishani huku gari likiendelea kuzunguka. Gari linalopendwa zaidi ni BMW ya zamani ambayo vijana wa huko waliipa jina la gusheshe. Mchezo huo nao ulianzia kwenye mazishi, katika miaka ya 1980, pale vijana wa magenge walipomwaga mwenzao kwa kuzungusha magari barabarani. Kwa miaka mingi watu waliuona kama uhuni tu. Lakini mwaka 2014 chombo kinachosimamia michezo ya magari nchini humo kiliutambua kuwa mchezo rasmi. Leo unafanyika kwenye viwanja vyenye uzio, watazamaji wakiwa upande wao. Wapo hata mabinti waliojulikana kwa mchezo huo, kama Stacey-Lee May, aliyefundishwa na baba yake.

Mama alitazama hadi mwisho. "Kwa hiyo hata wao walianza kwenye mazishi," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Na nani aliwatoa barabarani?"

Swali hilo lilikuwa zuri kuliko lile lililoanzisha mabishano. Kama drifti ni mchezo, haiwi mchezo kwa sababu ya moshi wala kwa sababu ya ustadi. Dereva wa lori la Mambasa alikuwa na ustadi ule ule, na siku ile haukuwa mchezo. Haikosi kuwa mchezo kwa sababu haina saa, maana ngumi za Kinshasa nazo zilikuwa na majaji. Inakuwa mchezo pale watu wanapokubaliana juu ya sheria ambazo hata aliyeshindwa anaweza kuzisoma, na pale hatari inapobaki kwa aliyeichagua. Dereva amevaa kofia ngumu, amefunga mkanda, amejiandikisha kwa jina lake. Mama anayeuza mandazi hakujiandikisha. Mtelezo ule ule, gari lile lile, ukiuleta mbele ya meza yake, ni ajali ambayo haijatokea bado.

Kwa watu waliohama makwao jambo hili lina uzito wa pekee. Wengi wao wanaishi na kuuza kando kabisa ya barabara, kwa sababu ndipo walipopata nafasi. Watoto wao wanacheza pale pale magari yanapopita. Anayetaka kuonyesha ufundi wake barabarani anaonyesha mbele ya watu ambao tayari wamekimbia vya kutosha.

Lakini vijana nao hawawezi kuambiwa "acha" peke yake. Mzee mwenyewe ndiye aliyelisema hilo. Alimuuliza fundi, "Hivi hayo mapine wanabadilisha mara ngapi?" Kijana akajibu kwamba ya nyuma huisha baada ya mizunguko michache tu. Watu wote wakacheka. Hapa tairi likizeeka halitupwi, linashonwa viatu. "Basi utaanza na nini?" mzee akauliza.

"Nitaanza na kujua," kijana akajibu. "Garaje ina gari moja bovu. Nataka kwanza nijue linavyofanya nyuma ikiachia. Nikipata uwanja siku moja, niwe tayari."

Akachukua kijiti na kuchora ardhini: kona ya kwanza, kona ya pili, mahali pa majaji, mahali pa kuanzia. Mzee aliinama, akamrekebisha kona ya pili. Ilikuwa imebana mno, gari lingetoka nje. Kijana akaifuta na kuichora upya.

"Na watu wanasimama wapi?" mzee akauliza.

Kijana alitazama mchoro wake. Hakuwa amewachora watu. Akapiga mstari pembeni ya kona.

"Warudishe nyuma," mzee akasema.

Akafuta mstari, akachora mwingine mbali zaidi.

"Nyuma tena."

Mama alikuwa ameshabeba kiti chake. Alisimama akisubiri mpaka mstari wa tatu ulipochorwa, karibu kabisa na ukuta, ndipo akamwita mwanawe waende nyumbani kabla ya usiku kuingia.