Wifi Aliniuliza, "Umevitoa Wapi?"

Mwaka 2024 nilipimwa mlango wa kizazi kwa siki, huku kwetu Iramba. Muuguzi akaona doa jeupe, akanitibu siku ile ile. Alisema chanzo ni virusi vya HPV, vinavyoambukizwa kwa kujamiiana.

Nyumbani wifi aliniuliza, "Umevitoa wapi?" Mume wangu akanyamaza siku tatu, akishinda kwenye alizeti.

Siku ya nne tulikwenda wote kwa muuguzi. "Baba," alimwambia, "aina zake zapita 200. Karibu kila mwanamume na mwanamke huvipata wakati fulani. Duniani, mwanamume mmoja kati ya watatu anavyo. Wengi hupona bila kujua. Vyaweza kujificha miaka mingi, hivyo huwezi kumshtaki mkeo. Aina ya 16 na ya 18 ndizo huleta asilimia 70 hivi ya saratani hii."

Mume wangu akainama. "Basi huenda mimi ndiye niliyekuletea. Nisamehe, mama."

Binti yetu wa miaka kumi amekwisha chanjwa. Dada mpendwa, nenda ukapime, na majibu mkayasikilize wawili.