Mapambo ya Pikipiki katika Usukuma

Tangu zamani watu wa nchi yetu hawakuridhika kuwa na chombo chenye kufaa kwa kazi tu. Walitaka chombo hicho kipendeze pia. Mabaharia wa pwani walizichonga na kuzipaka rangi omo za vyombo vyao kabla ya kutweka tanga. Wanawake walizitia nakshi kata za kunywea maji, na wafugaji waliwavika ng'ombe wao kengele. Basi tunapomwona kijana wa Bariadi ameifunga pikipiki yake maua, shanga na vishada vya nyuzi za rangi, haifai tumcheke na kupita. Inafaa tusimame kidogo tujiulize: kijana huyu anatenda nini, na amejifunza wapi kutenda hivyo?

Tarehe 10 Desemba 1962, Mwalimu Julius Nyerere alipohutubia Bunge akiwa Rais wa kwanza wa Jamhuri, alitangaza kuundwa kwa wizara ya kushughulikia utamaduni wa taifa na vijana. Tangu siku hiyo tumekuwa tukifundishwa, nasi tumekuwa tukiwafundisha wengine, kwamba taifa lisilo na utamaduni wake halina roho. Lakini wengi wetu tukitajiwa neno utamaduni hukumbuka ngoma, hadithi na vinyago, tukadhani kwamba utamaduni ni vitu vilivyotulia katika makumbusho. Twasahau kwamba wazee waliotuachia vitu hivyo walivitengeneza kwa mahitaji ya siku zao. Mahitaji ya siku zetu nayo yana vitu vyake, na pikipiki ni kimojawapo.

Mkoa wa Simiyu ulianzishwa mwaka 2012 kwa kumega sehemu za mikoa ya Shinyanga na Mwanza, na makao makuu yake yakawekwa Bariadi. Mkoa una wilaya za Bariadi, Busega, Itilima, Maswa na Meatu. Ni nchi ya pamba na ng'ombe. Upande wa mashariki imepakana na mbuga za wanyama za Serengeti na Maswa, na upande wa magharibi inagusa Ziwa Viktoria. Vijiji vimetawanyika, na kutoka mji hata mji mwingine ni mwendo mrefu. Mtu anayetaka kufika mnadani, hospitalini, au kwa wakwe zake, hana budi kuwa na chombo. Kwa hiyo chombo cha safari katika nchi hii si kitu cha anasa. Ni sehemu ya utu uzima wa mwanamume.

Kabla ya pikipiki ilikuwako baiskeli. Wakulima wa pamba wa Usukuma walikuwa miongoni mwa watu wa kwanza nchini kuzinunua baiskeli kwa wingi kwa fedha za jasho lao. Walijiunga katika vyama vya ushirika vilivyokuja kuunganishwa mwaka 1955 chini ya uongozi wa Paul Bomani, na msimu wa mauzo ulipokwisha, fedha zile ziligeuka mabati, ng'ombe, mahari na baiskeli. Raleigh ya Uingereza ilipendwa kwa uimara wake, na baadaye Phoenix ya China ikaenea vijijini. Lakini baiskeli iliyotoka dukani ilihesabiwa kuwa bado haijakamilika. Mwenyewe aliipeleka kwa fundi akaifungia kengele mbili badala ya moja, dinamo na taa, vioo pande zote mbili, shanga katika spoki, maua ya plastiki katika usukani, na kipande cha mpira nyuma chenye kuning'inia hadi karibu na ardhi. Wengine waliifunga redio katika keria. Sisi tuliokulia huko tuliweza kumtambua mwenye baiskeli kabla ya kuuona uso wake.

Wako wasemao kwamba mazoea hayo ni ya kuiga, kwa kuwa maua ya plastiki yametoka viwanda vya ng'ambo. Kwa maoni yetu wasemao hivyo wameutazama mti wakaisahau mizizi. Ye yote aliyehudhuria mbina, yaani ngoma za Wasukuma, anajua kwamba vikundi viwili, Bagika na Bagalu, hucheza kwa mashindano. Vyote viwili hucheza wakati mmoja, na watazamaji huwa huru kwenda huku au kule. Mwenye kuvuta umati mkubwa zaidi ndiye mshindi. Hapo hapana hakimu mwenye kalamu na karatasi. Hakimu ni macho ya watu. Ndiyo sababu wachezaji wa Usukuma ni hodari wa kubuni mambo mapya: huyu huvaa njuga, yule huleta sanamu ya mti yenye viungo vinavyochezeka, na Bayeye hucheza na nyoka. Hata sherehe kubwa ya ngoma inayofanyika kila mwaka mwezi wa Juni huko Bujora, karibu na Mwanza, huitwa Bulabo, na maana ya neno hilo ni maua. Kijana anayeifunga pikipiki yake maua na kuipitisha mnadani polepole anacheza ngoma ile ile. Naye anataka umati ugeuke.

Pikipiki zilipoanza kuonekana katika nchi yetu zilikuwa chombo cha bwana shamba, padri na mganga. Hazikupambwa, kwa sababu aliyeziendesha hakuwa mwenye mali. Mambo yalibadilika pikipiki za bei nafuu kutoka China na Uhindi zilipomiminika nchini katika miaka ya 2000. Jina la bodaboda, lililozaliwa zamani kwa waendesha baiskeli wa mpakani huko Busia, likaja kwetu pamoja na kazi yenyewe, na mwaka 2010 serikali ikatoa kanuni za kutoa leseni kwa pikipiki zinazochukua abiria. Basi vijana waliorithi baiskeli za baba zao wakapanda Boxer, TVS na SanLG, na mikono iliyozoea kupamba haikukaa kimya.

Tumepata kukaa mara nyingi katika kibanda cha fundi mmoja wa Bariadi, na tulilojifunza hapo ni kwamba pambo haliji kwanza. Kwanza huja safari. Kijana mmoja alipoleta pikipiki yake mpya, fundi hakumwuliza anapenda rangi gani. Alimwuliza, "Ndugu yangu, utakwenda nayo wapi?" Kijana akajibu kwamba atakwenda Mwanhuzi, na masika akitoka huko atapita njia za mbugani. Fundi akatikisa kichwa, akatugeukia sisi: "Mwalimu, umesikia? Huyu anahitaji madigadi ya mbele ipandishwe." Maana udongo mweusi wa mbuga ukilowa hunata kama ugali mbichi. Hujaa kati ya tairi na madigadi, ukalikaba gurudumu lisizunguke kabisa. Madigadi ikiinuliwa kiasi cha upana wa vidole vinne, tope hupata mahali pa kutokea.

Baada ya hapo fundi aliendelea na mengine. Aliichomelea keria vipande vya nondo ili ibebe gunia bila kupinda. Aliziimarisha shokapu za nyuma. Aliupanua mguu wa stendi kwa kipande cha bati nene, kusudi pikipiki isizame na kuanguka inapoegeshwa juu ya ardhi laini. Alifunga vyuma vya kukinga miguu mbele ya injini. Chini ya siti alitafuta nafasi ya spana, plagi ya akiba, viraka na pampu, kwa kuwa katika njia zile pancha haingoji mtu afike mjini. Pembeni akaweka mahali pa kufungia dumu. Hata siti aliiongeza sifongo, akatuambia kwamba abiria aliyeumia mgongo hatarudi mara ya pili. Kazi yote hiyo ilichukua siku nzima, na hapakuwa na ua hata moja lililofungwa.

Siku ya pili ndipo yalipokuja mapambo. Siti ilivikwa kava la rangi mbili lililoshonwa kwa mkono. Katika usukani vilifungwa vishada vyenye kupepea. Tangi liliandikwa maneno aliyoyachagua mwenyewe, kama vile mwanamke achaguavyo maneno ya kanga yake, akijua kwamba watakaoyasoma watamjua alivyo. Ilifungwa redio ndogo, na waya wa kuchajia simu. Vipande vya kuakisi mwanga vilibandikwa pembeni na nyuma, vikapangwa kwa umbo la pembe za ng'ombe. Tuliitazama kazi hiyo tukaona kwamba fundi alikuwa amefuata kanuni isiyoandikwa: nguvu kwanza, uzuri baadaye, na uzuri ukipata nafasi ya kusaidia, usaidie.

Wala si Wasukuma peke yao watendao hayo. Vijana wa Uingereza katika miaka ya 1960 walizijaza skuta zao vioo na taa nyingi kuliko mahitaji. Huko Marekani, kampuni ya Honda ilipotoa pikipiki kubwa ya safari ndefu iitwayo Gold Wing, katikati ya miaka ya 1970, iliiuza bila kioo cha kukinga upepo na bila masanduku ya mizigo. Wanunuzi wakajitafutia vitu hivyo kwa mafundi na makampuni mengine, wakaifunga kila mtu kwa kadiri ya safari zake. Mwaka 1980 kampuni yenyewe ikatoa pikipiki ya aina hiyo iliyokwisha fungwa vitu hivyo kiwandani. Kwa maneno mengine, kiwanda kilijifunza kwa watumiaji. Jambo hili lina fundisho kwetu. Maarifa ya fundi wa Bariadi kuhusu udongo wa mbuga, mzigo wa gunia na mguu wa stendi ni maarifa ya kweli. Yangestahili kuandikwa, kufundishwa katika vyuo vya ufundi, na kupelekwa kwa wale wanaotuundia vyombo bila kuzijua njia zetu.

Hata hivyo hatuwezi kulisifu jambo hili bila kutaja upande wake wa pili. Miongoni mwa vijana tuliopata kuwafundisha alikuwako mmoja, mpole na mwenye bidii, ambaye pikipiki yake ilisifiwa katika minada mingi. Nyuma aliifunga mpira mpana, na juu ya mpira akaongeza vishada, na juu ya vishada maua, mpaka taa ya nyuma ikawa haionekani. Jioni moja alikuwa akirejea nyumbani kwa barabara ya lami itokayo Lamadi. Giza lilikuwa limeanza kuingia. Lori lililotoka nyuma yake halikumwona mpaka lilipokuwa limemfikia. Tulikwenda mazishini. Pikipiki ilikuwa imeegemezwa ukutani, na maua yake yalikuwa bado mapya. Mzee mmoja wa ukoo aliitazama kwa muda mrefu, kisha akasema, "Ng'ombe huvikwa kengele ili asipotee. Nani aliyepata kumvika ng'ombe kengele ya kumziba macho?"

Katika maneno ya mzee huyo mna mizani yote tunayoihitaji. Pambo jema ni lile linaloongeza kazi ya chombo, au kwa uchache lisiloipunguza. Kipande cha kuakisi mwanga ni pambo na ni kinga. Kioo kinachoonyesha nyuma ni pambo na ni jicho la pili. Lakini kioo kilichogeuzwa ili mwendeshaji ajitazame uso ni upofu. Bomba la moshi lililotobolewa ili lingurume haliupi mwendo nguvu yo yote. Huwanyima usingizi wagonjwa na watoto. Taa nyekundu iliyofungwa mbele humdanganya anayekuja, kwa maana barabarani nyekundu ni rangi ya nyuma. Na kofia ngumu, ambayo vijana wengi huiacha nyumbani kwa hofu ya kuficha sura zao, yaweza kupakwa rangi na kuandikwa kama tangi lilivyoandikwa. Sheria ya Usalama Barabarani imekuwapo tangu mwaka 1973, lakini tunaamini kwamba vijana wataitii kwa moyo zaidi wakiambiwa kwa lugha ya mzee yule kuliko kwa lugha ya faini.

Pia ni lazima tuseme jambo moja kuhusu mali. Wazazi hulalamika kwamba fedha za pamba huishia katika maua na shanga huku ada ya shule haijalipwa. Lalamiko hilo ni la haki pale ambapo pambo limekula posho ya nyumbani. Lakini tusilichukie pambo kwa sababu ya ubadhirifu wa mtu mmoja, kama vile tusivyoichukia ngoma kwa sababu ya mlevi mmoja. Kijana anayeipenda pikipiki yake huiosha, huikaza nati, huisikiliza injini. Mara nyingi chombo kilichopambwa ndicho chombo kilichotunzwa.

Sera ya Utamaduni ya mwaka 1997 ilitutaka tuzihifadhi sanaa na ufundi wetu. Twapendekeza basi kwamba walimu wa Simiyu wawatume wanafunzi wao minadani wakiwa na daftari. Wachore mapambo wanayoyaona, waulize majina yake kwa Kisukuma na kwa Kiswahili, waandike maneno yaliyomo katika matangi, na wamwulize kila fundi kwa nini amefanya hivi na si vile. Mwanafunzi wa fizikia atajifunza habari za mwanga na za uzani. Wa historia atazikuta fedha za pamba na vyama vya ushirika. Wa Kiswahili atapata methali mpya. Na wote watajifunza kuliuliza kila pambo swali la fundi wa Bariadi: utakwenda nalo wapi?