Waliotutangulia Kuugusa Mchanga

Watu wanapousimulia uvamizi wa Normandy huanza na tarehe 6 Juni 1944. Mimi huanzia kisiwa cha Rhodes, Machi 1941, maana ndiko ilikozaliwa kazi yetu.

Waingereza walikuwa wakipanga kukivamia kisiwa hicho. Nigel Clogstoun-Willmott, ofisa wa urambazaji wa jeshi la majini, alizitazama ramani na picha za ndege, akaona hazimwambii kina cha maji ufukweni wala kama mchanga utabeba magari. Akaamua kwenda mwenyewe. Alifuatana na Roger Courtney, aliyewahi kuwa mwindaji huko Kenya na fundi wa kayaki. Nyambizi Triumph iliwashusha usiku. Mmoja akaogelea hadi nchi kavu, mwingine akimngoja kwenye kayaki. Uvamizi wenyewe ulifutwa, lakini Willmott hakuiacha hoja yake mpaka kikosi cha kukagua fuko, COPP, kikaundwa.

Nilijiunga nacho kisiwani Hayling, kusini mwa Uingereza, nikiwa kijana. Kazi yangu ilikuwa kupiga kasia na kungoja. Mwogeleaji alishuka na bildi, kibao cha kuandikia, keekee ya kutoboa mchanga na mirija ya kuutia. Suti za mpira zilivuja. Mara nyingi aliyerudi nilimvuta kwa mikono miwili, vidole vyake vimekufa ganzi hata hawezi kushika ubavu wa kayaki, na kabla ya kuomba chai alitaka nihakikishe mirija imezibwa.

Mapema 1943 wenzetu walipelekwa Sicily kwa haraka, mafunzo na vifaa vikiwa havijakamilika. Baadhi yao hawakurudi. Uchungu huo ninao hadi leo, kwani Willmott alikuwa ameonya kwamba hawakuwa tayari.

Usiku wa mkesha wa mwaka mpya wa 1944, Meja Logan Scott-Bowden na Sajini Bruce Ogden-Smith waliogelea hadi ufuko wa Normandy, karibu na Ver-sur-Mer. Wataalamu walihofia kwamba chini ya mchanga kuna tabaka laini la mboji litakalomeza vifaru. Wawili hao walitoboa huku mwanga wa mnara wa taa ukiwapitia mgongoni, wakarudi na sampuli. Januari hiyo iliyofuata walikwenda pia ufuko wa Omaha, safari hii kwa nyambizi ndogo X20.

Na tarehe 6 Juni, kabla ya jeshi kufika, X20 na mwenzake X23 zilikuwa tayari mbele ya fuko za Juno na Sword, zikiwawashia taa waliokuwa wanakuja.