Kupiga kambi Mikumi: Chaji simu, lakini ulinde umeme wa kuwasha gari

Kutoka Dar es Salaam hadi Hifadhi ya Taifa ya Mikumi ni chini ya kilomita 300, na barabara kuu ya kwenda Iringa inakatiza ndani ya hifadhi. Hata familia yenye siku mbili tu za mapumziko inaweza kufika na kulala kwenye hema. Mchana watoto wanaangalia twiga na tembo kwenye tambarare ya Mkata, huku milima ya Uluguru ikionekana kwa mbali.

Jioni ndipo mahitaji ya nyumbani yanapowafuata kambini. Simu zimeisha chaji kwa kupiga picha, tochi imefifia, na pengine yupo mtoto mwenye pumu ambaye nyumbani hutumia nebulaiza, mashine inayogeuza dawa kuwa mvuke. Kwenye hema hakuna soketi. Kinachobaki ni inveta, kisanduku kidogo kinachochomekwa kwenye tundu la kuwashia sigara la gari na kugeuza umeme wa betri wa volti 12 kuwa wa volti 230, kama wa nyumbani.

Kisanduku hicho ni msaada mkubwa, ila si cha kuachwa kikifanya kazi usiku kucha gari likiwa limezimwa. Kambi za hifadhini hazina uzio, na tembo au simba anaweza kupita karibu. Mtoto akibanwa kifua saa nane usiku, gari la familia ndilo gari la wagonjwa, na betri iliyochaji simu ndiyo hiyo hiyo inayotakiwa kuliwasha.

Wengi hutegemea mlio wa tahadhari wa inveta. Kwa kawaida inveta ndogo hulia volti zikishuka karibu na 11, kisha hujizima zikikaribia 10. Kwa betri ya gari, volti 11 maana yake imekwisha. Kisanduku kimejilinda chenyewe, hakijalilinda gari.

Chajini mkiwa njiani

Injini inapozunguka, gari linaijaza betri yake lenyewe. Saa za safari kutoka Dar es Salaam, na zile za kuzunguka kuangalia wanyama, zinatosha kujaza simu, tochi na pawabenki. Mkifika kambini, chomoa inveta, kwa sababu hula umeme kidogo hata ikiwa haina kitu.

Simu hata haihitaji inveta. Chaja ya USB ya gari inatosha, na hupoteza umeme kidogo zaidi. Inveta ibaki kwa vifaa vyenye plagi, kama kompyuta mpakato au chaja ya kamera. Fyuzi ya tundu la sigara mara nyingi ni ya ampea 10 hadi 15, yaani wati 120 hadi 180. Birika la umeme la wati 1,500 litaiunguza.

Kwa nebulaiza, soma wati zilizoandikwa kwenye mashine na uijaribu na inveta hiyo nyumbani kabla ya safari. Umeme wa baadhi ya inveta za bei nafuu si laini, na mota inaweza kupata moto. Muulize pia daktari kuhusu dawa ya kuvuta kwa spesa, kile kikopo cha plastiki. Haihitaji umeme, na kwa mashambulizi mengi ya pumu husaidia sawa na nebulaiza.

Moshi na maji

Usiwashe injini au jenereta karibu na hema ili kupata chaji, wala msilale ndani ya gari linalounguruma. Moshi wake una kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Huanza na kichwa kuuma, kizunguzungu na kichefuchefu, na aliyelala anaweza asiamke kabisa. Jiko la mkaa nalo lisiingie kwenye hema.

Volti 230 za inveta zinaua kama za ukutani. Kisanduku kikae ndani ya gari, pakavu, na watoto wasichomeke chochote wenyewe.

Kabla ya kulala, mzazi ahakikishe simu moja imejaa na ina namba ya askari wa hifadhi, ajue mtandao unapatikana wapi, na aliegeshe gari likitazama njia ya kutokea. Mji wa Mikumi, wenye hospitali, uko upande wa magharibi, kwenye barabara ile ile ya Iringa.